Gramu 50 za protini kwa shilingi 3,000 kwa siku: mnaosema haiwezekani, njooni na hesabu

#1 Kibaba na Mizani

Wakuu, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Morogoro, ninaishi geto la chumba kimoja na wenzangu wawili, na kwa miaka miwili nimeisikia kauli ileile kila bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, linapokata: kwamba mwanafunzi hawezi kula vizuri kwa sababu nyama imepanda bei. Ninadai kwamba kauli hiyo si kweli, na kwamba tunaoisema hatujawahi kukaa chini na kalamu.

Kiwango kinachotajwa na wataalamu kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mimi nina kilo 62, kwa hiyo ninahitaji gramu 50. Jumamosi iliyopita nilizunguka sokoni nikaandika bei, kisha nikagawa kila bei kwa gramu za protini zilizomo. Maharage yalikuwa shilingi 3,000 kwa kilo na yana gramu 220 hivi, maana yake gramu moja ya protini inanigharimu shilingi 14. Soya kavu nayo ilikuwa 3,000, lakini ina gramu 360, kwa hiyo gramu moja haifiki hata shilingi 9. Karanga za 4,000 zinatoa gramu moja kwa shilingi 16. Dagaa wakavu wa Mwanza niliwakuta kwa 12,000, bei iliyonitisha mwanzoni, lakini zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo gramu inashuka hadi shilingi 20 na kitu. Trei ya mayai ya 10,000 inatoa gramu moja kwa shilingi 55, maziwa ya 2,000 kwa lita yanatoa kwa 60, na nyama ya ng'ombe ya 12,000 kwa kilo ni 60 vilevile. Mwisho kabisa lipo zege letu la shilingi 3,000: mayai mawili na viazi, ukiyahesabu yote kwa ukarimu unapata gramu 18, sawa na zaidi ya shilingi 160 kwa gramu moja.

Sahani moja ya maharage yenye gramu 200 inanipa gramu 44. Nikiongeza yai moja, nimemaliza siku, na chenji imebaki. Nawasilisha.

#2 Pilipili Kichaa

Mtoa mada amegawa kila kitu kwa gramu isipokuwa hewa ya chumba kimoja chenye watu watatu wanaokula maharage kila siku. Tunaomba na hesabu hiyo.

#3 Mwalimu wa Lishe

Nimefundisha somo la lishe kwa miaka mingi na nimefurahi kuona kijana anayegawa bei kwa virutubisho badala ya kugawa kwa sahani. Hata hivyo, Kibaba, kuna kosa moja kubwa katika aya yako ya mwisho. Hizo gramu 22 katika kila gramu 100 ni za maharage makavu. Yakiloweka na kuiva yanafyonza maji hadi uzito wake unazidi mara mbili, na hapo gramu 100 za maharage yaliyopikwa zinabaki na gramu 8 au 9 tu za protini. Kwa hiyo sahani yako ya gramu 200 inakupa 17, wala si 44. Ili upate 44 kwa maharage peke yake utalazimika kula nusu kilo ya maharage yaliyoiva kwa siku moja, jambo linalowezekana, ingawa ndugu Pilipili hapo juu atakuwa na haki ya kulalamika.

Ulinganisho wako wa bei haujaharibika, kwa kuwa ulitumia uzito mkavu na sokoni tunanunua makavu. Kilichoharibika ni sahani.

#4 Jagi la Umeme

Ninashukuru kwa mada, lakini mjadala huu unawahusu watu wenye majiko. Sisi tunaoishi bweni haturuhusiwi kupika. Jagi la umeme likikutwa chumbani linachukuliwa, na anayewasha mkaa atakuwa anatafuta pa kulala kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo bei ya maharage makavu sokoni kwangu ni kama bei ya saruji, ninaisikia tu. Ninachonunua ni sahani ya wali maharage ya shilingi 1,500.

Baada ya kusoma #1 na #3, leo mchana nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilizitenga punje za maharage ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kijiko, moja baada ya nyingine, nikazihesabu mara mbili mbele ya mwenzangu kama shahidi. Zilikuwa 61, na mbili kati yake zilikuwa maganda matupu. Wataalamu mnisaidie: punje 61 ni gramu ngapi za protini?

#5 Kibaba na Mizani

Mwalimu, nimekubali kosa, asante. Jagi, nimekupimia. Nilichukua punje 100 za maharage yetu ya hapa nikaziweka kwenye mizani ya muuza viungo, zikawa gramu 40 hivi. Punje zako 61 zilikuwa gramu 24 kabla hazijapikwa, yaani gramu 5 za protini, pungufu ya yai moja. Sasa angalia jambo la kuchekesha: wali uliopikwa una gramu 2.7 katika kila 100, na sahani iliyojaa haikosi gramu 300, kwa hiyo wali umekupa gramu 8. Umekula wali maharage, na protini nyingi imetoka kwenye wali.

#6 Mama wa Sufuria Kubwa

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mama lishe, ninauza chakula karibu na chuo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na binti yangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu baada ya kusoma habari ya punje 61. Sijui huyo mwenzangu anayekuuzia ni nani, lakini nitamtetea.

Mnahesabu maharage, hamhesabu mkaa wa saa mbili na nusu, mafuta, nyanya ambazo msimu wake ukiisha zinauzwa kama dhahabu, ushuru, kodi ya kibanda na kijana wa kuosha vyombo. Sahani ilipokuwa 1,000 mlilalamika, imekuwa 1,500 mnalalamika. Nikiweka maharage upawa miwili sahani itakuwa 2,000, na mtahamia kwa jirani. Halafu semeni kweli: mwanafunzi akifika mbele ya sufuria anasema nini? Anasema, "Mama, niongezee wali na mchuzi." Kwa miaka kumi na moja sijamsikia hata mmoja akisema nimpunguzie wali nimwongezee maharage. Nyinyi wenyewe mnanunua shibe.

Na wiki ya kwanza ya bumu hamji kabisa, mko kwenye kuku. Wiki ya sita mnakuja na daftari la mkopo.

#7 Binti wa Mwaka wa Pili

Shikamoo mama. Umegusa mahali penyewe. Ninaona wote hapa mnabishana juu ya bei ya gramu, ilhali kwa wengi wetu tatizo ni mpangilio wa fedha. Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipanda mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa mujibu wa hesabu ya Kibaba fedha hiyo inatosha kula protini mara mbili ya mahitaji. Lakini hakuna anayepewa 10,000 kila asubuhi. Inakuja kwa mkupuo wa siku kadhaa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingi kwa pamoja, kuna fotokopi, kuna mdogo wako nyumbani aliyekosa sare, na wapo wenzetu ambao mkopo wenyewe hawakuupata. Mtu anabaki na shilingi 40,000 za wiki tano. Huyo hali kwa gramu, anakula kwa siku.

Mimi siku fedha inapoingia, kabla hata ya kununua vocha, ninanunua maharage kilo kumi na dagaa kilo moja. Muhula wa kwanza fukusi walinimalizia nusu ya maharage. Sasa ninayakausha vizuri juani, ninayajaza kwenye madumu ya maji ya kunywa hadi shingoni na kufunga kifuniko kwa nguvu. Fukusi wakikosa hewa wanakufa, na maharage yanafika mwisho wa muhula yakiwa mazima.

#8 Vyuma Jioni

Salaam. Gramu 50 ni za mtu anayekaa maktaba. Sisi tunaonyanyua vyuma tunaelezwa kwamba tunahitaji gramu 2 kwa kila kilo, na mimi nina kilo 75, kwa hiyo ni gramu 150. Kwa bajeti ya mtoa mada ningekuwa nimeshapeperuka. Njia yangu ni mayai matano mabichi kila asubuhi, ninayapasua kwenye glasi na kuyanywa kabla ya mazoezi. Mayai mabichi yana nguvu zaidi kwa sababu moto haujaua kitu.

#9 Mwalimu wa Lishe

Vyuma, kuhusu kiwango uko karibu na ukweli, kwani wanaofanya mazoezi mazito hushauriwa gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo, na wewe umechagua juu kabisa ya ngazi. Kuhusu mayai mabichi unapoteza fedha. Watafiti wa Ubelgiji walilipima jambo hili mwaka 1998 wakaona kwamba mwili ulinyonya takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, lakini karibu nusu tu ya protini ya yai bichi. Katika mayai yako matano, mawili na zaidi yanapita tu bila kukufaa. Isitoshe, ute mbichi una protini iitwayo avidini, ambayo hukamata vitamini ya biotini na kuizuia isinyonywe, na bado sijataja vimelea wa kuhara. Moto unaouogopa ndio unaolifungua yai.

#10 Pilipili Kichaa

Kwa hiyo muda wote huu Vyuma amekuwa akilisha choo. Pole sana, mkuu.

#11 Mjukuu wa Nansio

Nimeona dagaa wametajwa mara mbili na kupitwa haraka, nikasikitika. Nimekulia Ukerewe, na ninaomba niwaeleze kwa nini wengi wenu mnasema dagaa ni wachungu na wana mchanga.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, huanikwa kwa namna mbili. Wapo wanaomwagwa juu ya mchanga wa ufukweni, na hao ndio wa bei ya chini. Wapo wanaotandazwa juu ya nyavu au kwenye chanja, na hao wanang'aa kama fedha hata baada ya kukauka. Ukinunua wa kwanza kwa sababu ni nafuu, umenunua na mchanga kwa bei ya dagaa. Wasichanganywe pia na dagaa wa Kigoma, ambao ni samaki wa aina nyingine kabisa wa Ziwa Tanganyika.

Nyumbani tulifanya hivi. Unawachambua na kutoa vichwa na kile kiuzi cheusi cha tumboni, kwa kuwa uchungu uko humo. Unawaweka kwenye bakuli pana na kuwamwagia maji ya moto, unahesabu hadi hamsini, kisha unawanyanyua kwa viganja kutoka juu bila kuyatikisa maji. Usiwamwage kwenye chujio, maana mchanga ulioshuka chini utarudi juu yao. Rudia hadi kitako cha bakuli kiwe safi. Ndipo unawakaanga hadi walie wakigusana, unatia kitunguu, nyanya nyingi na ndimu. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu, gramu 30, hakikosi gramu 15 za protini, na kwa kuwa unamla na mifupa yake unapata kalsiamu ambayo nyama ya buchani haina. Kwa bei ya Kibaba hiyo ni shilingi 360.

#12 Githeri Moto

Habari zenu kutoka Eldoret. Huku omena ndiye aliyetufikisha siku ya mahafali, kwa hiyo nimesimama na Mjukuu. Ningependa tu kuongeza kwamba mmesahau ubora wa protini. Protini huundwa na asidi amino: mahindi yana upungufu wa ile iitwayo laisini, maharage yana laisini nyingi lakini yamepungukiwa na nyingine iitwayo methionini. Ukivipika pamoja unapata githeri, ambayo ninyi mnaiita kande au makande, na kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Lakini ni lazima viliwe katika sahani moja, vinginevyo havisaidiani.

#13 Mwalimu wa Lishe

Yote sahihi isipokuwa sentensi ya mwisho, Githeri. Zamani ilifundishwa hivyo, nami niliifundisha hivyo. Sasa inafahamika kwamba mtu mzima akila ugali mchana na maharage usiku wa siku hiyohiyo, mwili unavikutanisha wenyewe.

#14 Mzee wa Supu

Ninawashangaa. Mnapima dagaa kwa kiganja wakati supu ya makongoro ipo kila kona kuanzia alfajiri, bakuli kwa 2,000, na inanata midomoni kwa jinsi ilivyojaa protini.

#15 Binti wa Mwaka wa Pili

Mzee wangu, niliwahi kuuliza swali hili darasani. Kunata kule ni kolajeni ya kano na ngozi, ambayo kweli ni protini, lakini haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Ukiila peke yake, mwili hauwezi kuijengea misuli ipasavyo. Kwa 2,000 hiyo ni bora maini, firigisi au utumbo. Tena tusisahau kwamba miguu ya kuku tunayoisifia ni ngozi na kano vilevile.

#16 Mzee wa Supu

Nimeelewa. Nitaendelea kuinywa kwa sababu ya ladha, si kwa sababu ya triptofani.

#17 Senene wa Novemba

Sisi wa Bukoba tunawasoma tu. Senene wakishakaushwa zaidi ya theluthi ya uzito wao ni protini, wanakuja wenyewe kwenye taa mwezi wa kumi na moja, na bado kuna watu humu wanawakimbia wakipiga kelele.

#18 Pilipili Kichaa

Walikuwa wanakuja wenyewe. Siku hizi kopo moja la senene likifika Dar es Salaam linauzwa kwa bei inayoweza kununua wiki nzima ya dagaa wa Mjukuu. Hiyo si bajeti ya mwanafunzi, hiyo ni zawadi ya posa.

#19 Mkazi wa Maktaba

Nitakwenda kinyume na karibu wote. Ninahofia kwamba tunarudia kosa ambalo dunia ilishalifanya. Kuanzia miaka ya 1950 mashirika ya kimataifa yaliamini kwamba tatizo kuu la lishe katika nchi maskini ni upungufu wa protini, na fedha nyingi zikamwagwa kwenye unga wa samaki, soya na vyakula vingine vya kiwandani. Mwaka 1974 mtaalamu Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba mwelekeo mzima ule ulikuwa umepotoka, kwa kuwa waliodhoofika wengi walikuwa wamepungukiwa na chakula chenyewe.

Hoja yangu ni hii. Mwili usipopata nishati ya kutosha, unaichoma protini kama kuni. Mwanafunzi anayepiga pasi ndefu, anayekunywa chai saa nne na kula mara moja saa kumi na moja jioni, hata umpe dagaa wa Kibaba, sehemu yake itaishia kuwa nishati. Mama wa Sufuria Kubwa amesema wanafunzi wananunua shibe, na amesema kwa lawama kidogo, lakini inawezekana matumbo yao yana akili kuliko kalamu zetu. Kijiko cha mafuta ya alizeti na kiazi kitamu cha ziada vinaweza kumfaa mtu huyo kuliko yai.

#20 Kibaba na Mizani

Mkazi, ninakubali nusu. Anayeshinda na njaa ana tatizo kubwa kuliko protini. Lakini mtu wa wali mkubwa na punje 61 haumwi njaa, ameshiba, na bado ana gramu 13. Huyo McLaren hamsaidii.

#21 Mkazi wa Maktaba

Ameshiba mchana huo. Muulize alikula nini asubuhi.

#22 Jagi la Umeme

Nilikula andazi moja na chai ya rangi. Tuendelee.

#23 Mbaazi Mbichi

Salaam kutoka Mtwara. Nimesoma hadi hapa nikingoja mtu ataje mbaazi na choroko, ninaona mmeganda kwenye maharage. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei huku kwetu ilianguka hadi wakulima wakaacha mazao ghalani, na mwaka huo ndio nilioanza chuo. Nilipelekewa gunia zima kwa sababu nyumbani hawakuwa na mnunuzi. Nilikula mbaazi za nazi kwa miezi minne na sikuumwa hata siku moja, ingawa hadi leo nikizisikia zinachemka ninakumbuka mtihani wa takwimu.

Kwa mwenye mkaa wa kununua, mfalme ni choroko. Protini yake ni sawa na ya maharage, lakini hazihitaji kulowekwa na zinaiva ndani ya dakika 40 au pungufu. Kibaba hakuhesabu moto hata kidogo. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukumalizia makopo mawili ya mkaa. Wapo wanaotia magadi ili yaive haraka, na kweli yanaiva, lakini magadi yanaua vitamini B1.

#24 Jagi la Umeme

Je, sisi wa bweni tukiyaloweka maharage usiku kucha, tukayatia kwenye chupa ya chai na kuyamwagia maji yanayochemka tuliyoyaomba kwa muuza chai, hayataiva hadi jioni?

#25 Mwalimu wa Lishe

Tafadhali usifanye hivyo, hasa kwa maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjika kwa kuchemka hasa, si kwa joto la wastani la chupa ya chai. Yaloweke, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Kumwaga maji ya kulowekea pia hupunguza zile sukari zinazoleta gesi, kwa hiyo nimemjibu na ndugu Pilipili.

#26 Githeri Moto

Nami niongeze tahadhari kuhusu karanga, kwa kuwa zimewekwa kwenye orodha ya vitu nafuu. Karanga nafuu kuliko zote sokoni ni zile zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, na hizo ndizo zinazobeba sumukuvu. Kwetu Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki upande wa mashariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na ninyi mlipata msiba kama huo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kukaanga hakuiondoi yote. Mtu achague moja moja kwa mkono, na zenye uchungu aziteme.

#27 Kibaba na Mizani

Wakuu, nimerudi baada ya siku nane. Niliona aibu kutetea hesabu ya mezani, kwa hiyo wenzangu wawili walikubali tule kwa mpango wangu wiki nzima, huku nikiandika kila shilingi.

Nianze na soya, malkia wa hesabu yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonidhalilisha. Niliichemsha kwa saa mbili na nusu ikabaki ngumu, ikajaza chumba harufu ya majani yaliyooza, na mwenzangu mmoja alihama kwa muda akalala kwa binamu yake. Niliambiwa baadaye kwamba ilipaswa kulowekwa, kumenywa maganda na kuchemshwa tena. Sikuwa na moyo wa kujaribu mara ya pili, na gramu za shilingi 9 zikaenda kwa kuku wa mwenye nyumba.

Siku nyingine zilikwenda vizuri. Asubuhi uji wa mahindi wenye karanga zilizopondwa, mchana ugali, dagaa na mchicha, usiku wali na choroko au maharage, na yai siku mbili katika wiki. Kwa makadirio yangu tulipata gramu 54 kila mmoja. Gharama, pamoja na mkaa, mafuta, nyanya, chumvi na mboga, ilikuwa shilingi 3,450 kwa mtu kwa siku. Dai langu limeshindwa kwa shilingi 450, na sehemu kubwa ya hizo ni mkaa. Mbaazi Mbichi na Mama walikuwa sahihi.

Ambalo sikulitarajia ni muda. Nilitumia karibu saa mbili kila siku kupika na kuosha vyombo, na somo moja sikulisoma kabisa.

#28 Vyuma Jioni

Kwa hiyo zege la dakika saba lina bei yake. Nimeanza kuchemsha mayai, kwa taarifa ya Pilipili.

#29 Binti wa Mwaka wa Pili

Kibaba, mlikuwa watatu na zamu ilikuwa ya mtu mmoja? Ungekuwa msichana ungeambiwa huo ni wajibu wako wala usingeuandikia takwimu.

#30 Kibaba na Mizani

Nimenyamaza, dada.

#31 Jagi la Umeme

Nami nina matokeo. Nimehesabu punje kwa siku sita katika kibanda kilekile. Siku nne nilipokula saa saba mchana nilipata 61, 58, 66 na 49. Siku mbili nilichelewa maabara nikafika saa tisa, nikapata 112 na 97, kwa bei ileile na mkono uleule. Sikumwomba mama aniongezee, na sidhani kama anajua kwamba ninamhesabia.

#32 Mkazi wa Maktaba

Basi pasi ndefu imepata utetezi wa kisayansi.

#33 Mama wa Sufuria Kubwa

Mwanangu, hiyo si huruma wala si bahati. Maharage yanazama. Saa saba upawa unachota juu, ambako kuna mchuzi, saa tisa unagusa kitako cha sufuria. Mimi hukoroga kila nikipakua, lakini foleni ikiwa ndefu mkono unasahau. Ila msije wote saa tisa, maana wapo wanaoongeza maji ya moto wakiona sufuria inaelekea kuisha na wateja bado wapo, na hapo utahesabu punje 30.

#34 Jagi la Umeme

Asante, mama. Kesho nitajaribu saa tisa na nusu.

#35 Mama wa Sufuria Kubwa

Saa tisa na nusu sufuria ziko kwenye sabuni.